Jinsi ya Kunyoosha Mstari Kitengela

Umeripoti kituoni. Hongera. Umekabidhiwa Gredi ya 9, nusu paketi ya chaki, na agizo la mtaala wa umilisi kwamba milinganyo ya mstari mnyoofu ifundishwe kutokana na maisha halisi ya mwanafunzi. Aliyelitunga agizo hilo ana nia njema, na ni wazi hajawahi kungoja matatu ya Kitengela saa moja jioni mvua ikinyesha. Maisha halisi ya mwanafunzi wako hayajanyooka. Kilichonyooka huku ni barabara ya Namanga, nayo imejaa malori ya simiti.

Lakini agizo ni agizo. Mwongozo huu utakuwezesha kulitimiza bila kugombana na makonda, madalali wa mashamba au mwalimu mkuu. Nimewataja kuanzia mpole hadi mkali.

Usijione mwanzilishi. Mwaka 1998 Kenya na shirika la Japani la JICA walianzisha mradi wa SMASSE wa kuwanoa upya walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari, na Kajiado ikawa miongoni mwa wilaya 9 za majaribio. Walimu waliambiwa wapunguze domo, wawaache wanafunzi wafanye kazi kwa mikono yao, na vifaa vikikosekana wabuni vingine kwa vilivyopo. Mradi huo ndio uliozaa kituo cha CEMASTEA kule Karen. Kwa hiyo afisa atakayekuja kukukagua huenda aliketi kwenye semina hizo, akanywa chai yake na mandazi mawili, na hadi leo anakumbuka swali moja: "Shughuli ya mwanafunzi iko wapi, mwalimu?" Uwe na jibu. Manila yenye grafu uliyoichora wewe mwenyewe usiku kwa taa ya simu si jibu, ingawa imewahi kupita.

Kitabu kiweke kando kwa muda. Kitabuni mna watu wa ajabu. Mna bwana aliyenunua kalamu 3 na madaftari 2 kwa shilingi 95, kisha akarudi dukani akanunua kalamu 2 na madaftari 4 kwa shilingi 130, na katika safari zote mbili hakuwahi kuuliza kalamu moja ni pesa ngapi. Mtu wa namna hiyo Kitengela hamalizi wiki. Watoto wanalijua hilo. Wakishapata kwamba kalamu ni 15 na daftari ni 25, hawaulizi swali lolote, kwa sababu wanamhurumia.

Andika ubaoni y = mx + c na uwaambie mambo mawili tu. Herufi c ni pale unapoanzia kabla hujafanya lolote. Herufi m ni mteremko, yaani kila ukiongeza hatua moja, unaumia kiasi gani. Mengine yote watayakuta nje ya darasa.

ANZA NA MFUKO WAKO

Data halisi iliyo karibu nawe zaidi ni hati yako ya mshahara. Itoe. Ikiwa wewe ni mwanagenzi wa sekondari msingi, umekuwa ukiandikiwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Basi x = 20,000, na darasa limeshapata mfano ambao hakuna kitabu kingethubutu kuuchapisha.

Anza na ada ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5: y = 0.015x. Kwako wewe hizo ni shilingi 300. Halafu ingia kwenye bima ya afya ya jamii, SHIF, ambayo tangu Oktoba 2024 hukata asilimia 2.75: y = 0.0275x, yaani shilingi 550. Waonyeshe wanafunzi jinsi serikali, ambayo hatujazoea kuiona ikinyooka, hapa imenyooka mpaka unaweza kuweka rula juu yake. Kuna kona moja tu kule chini: hakuna anayelipa chini ya shilingi 300, hata akipata kidogo namna gani. Mwanafunzi atakayegundua kwamba mstari unaanza kupanda kwenye mshahara wa 10,909 mpe peremende.

Sasa wachoree bima ya zamani, NHIF, kwenye grafu hiyohiyo. Ile haikuwa mstari, ilikuwa ngazi. Mwenye mshahara wa kati ya 20,000 na 24,999 alilipa 750. Kati ya 30,000 na 34,999, alilipa 900. Kuanzia 100,000 kwenda juu, iwe laki moja au milioni, ilikuwa 1,700 na maisha yakaendelea. Waulize: mstari mpya unaikata ngazi ya zamani wapi? Wape dakika kumi na uwaache wapige kelele. Jibu liko kwenye kipandio cha 900, mshahara wa shilingi 32,727. Walio kushoto ya hapo, ukiwaacha wa chini kabisa waliogongwa na ile sakafu ya 300, walipunguziwa. Walio kulia waliongezewa, na mwenye laki moja akatoka kwenye 1,700 hadi 2,750.

Somo hili ni zuri kupita kiasi. Ndani yake mna mteremko, makutano, sakafu, na siasa ya nchi nzima kwenye karatasi moja ya miraba. Lina madhara mawili. La kwanza, mwalimu mkuu yuko upande wa kulia wa makutano, kwa hiyo usimwonyeshe grafu hiyo kabla hajatia saini fomu zako. La pili, kuna watoto watano darasani waliokuwa wanataka kuwa walimu. Baada ya kipindi watakuwa wawili.

M-PESA: KAZI YA NYUMBANI

Ijumaa waagize wakaulize nyumbani ada za kutuma pesa. Hakuna nyumba isiyojua. Kwa viwango vilivyoanza 2023, kutuma shilingi 1,000 ni shilingi 13, na kutuma 1,001 ni 23. Shilingi moja imezaa kumi. Wakiuliza mteremko ni kiasi gani kati ya nukta hizo mbili, wajibu kwa ukweli kwamba ni 10, na kwamba hakuna mlima Kajiado wenye mteremko huo, hata Ol Doinyo Orok pale Namanga.

Jumatatu watarudi na nukta zao. Hapa mwalimu asiye na subira huchukua rula, akaipitisha katikati ya vipandio, akatangaza mlinganyo, akafuta ubao. Usifanye hivyo. Waulize kwanza gharama ya kutuma 3,000 kwa mara moja. Ni 53. Kisha waulize gharama ya kutuma 1,500 mara mbili. Ni 46. Mtoto wa mama mboga atakuwa amelijibu hilo kabla hujamaliza kuandika, kwa sababu mama yake humtumia nyanya yake kijijini kwa mafungu na hajawahi kusikia neno mlinganyo. Mstari wako wa rula ungemwambia kwamba kugawanya hakubadilishi kitu, maana mstari unaopita kwenye sifuri hauna habari na mafungu. Ngazi inayo.

Mpe mama huyo alama zake, hata kama hayuko kwenye rejista.

NAULI, AU c INAYOPANDA YENYEWE

Kutoka Kitengela hadi katikati ya Nairobi ni kama kilomita 30. Kwenye mhimili wa x weka kilomita, kwenye mhimili wa y weka nauli, kisha watume wanafunzi wakusanye data asubuhi wakiwa na wazazi wao. Utatarajia nukta zinazopanda taratibu kupitia Athi River na Mlolongo hadi mjini. Utapata mstari wa mlalo. Saa kumi na mbili asubuhi anayeshukia Mlolongo na anayefika mjini wanalipa sawa, kwa kuwa konda hataki kiti kitupu baada ya Mlolongo. Mteremko ni sifuri, c ndiyo kila kitu. Wanafunzi wengi huona hili ni kosa la data. Si kosa. Ni konda.

Mvua ikinyesha, rudieni zoezi. Mstari ni uleule wa mlalo, umepanda tu juu bila kuinama. Hujawahi kupata mfano bora wa mistari sambamba, na hautakugharimu chochote isipokuwa nauli. Panga zoezi la tatu siku shule zinapofunguliwa, na la nne juma la Krismasi kwenye magari ya Namanga. Mwishowe utakuwa na familia nzima ya mistari sambamba, na kila mmoja una tarehe yake.

Kisha waulize swali ambalo somo zima limekuwa likilingoja: kama kilomita hazibadilishi nauli, ni nini kinachoibadilisha? Watasema mvua. Watasema pesa za mwisho wa mwezi. Mmoja atasema, "Mwalimu, ni watu walio steji." Huyo ameelewa. Futeni kilomita kwenye mhimili wa x, mweke idadi ya watu waliosimama wakingoja, na nauli itaanza kupanda kwa utiifu kama iliyokuwa ikisubiri kuulizwa. Nusu ya ufundi wa milinganyo iko hapa, kwenye kuchagua x, na kitabu hukuchagulia kabla hujafika.

Tahadhari: mwanafunzi asisimame steji na karatasi iliyobanwa kwenye ubao huku akihesabu watu na kuandika namba za magari. Atadhaniwa ametumwa na NTSA au na kanjo, na utaitwa ofisini kueleza shughuli ya mwanafunzi iko wapi.

SHAMBA NI MAABARA

Ranchi ya jamii ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata hati yake, na tangu hapo kilichostawi zaidi ni mabango. Kwa mwalimu wa hisabati, hii ni neema. Kila bango la shamba lina mlinganyo uliofichwa, na kazi ya darasa ni kuutoa mafichoni.

Anza na ploti yenyewe. Ni 50 kwa 100, futi, na kila mtu huiita moja ya nane ya eka. Futi 50 mara 100 ni 5,000 za mraba. Eka ni 43,560. Gawanya: ploti 8.7. Kwa hiyo mwenye eka moja anauza ploti 8, na futi 3,560 za mraba zinazobaki zinaingia kwenye barabara za ndani. Chora mistari miwili, y = 8x na y = 8.7x, kwa eka 1, 10 na 100. Kwenye eka 1 mistari hiyo karibu inagusana na hakuna anayejali. Kwenye eka 100 kuna ploti 70 katikati yake. Uliza darasa: hizo 70 zote ni barabara? Usijibu. Kuna mtoto ambaye baba yake ni dalali, na ataenda kumuuliza jioni.

Kisha chukua maneno "dakika 5 kutoka lami". Haya ni mlinganyo kamili: umbali ni mwendo mara muda, na c ni sifuri kwa kuwa unaanzia lamini. Kilichosahauliwa ni mwendo wa nini. Mwanafunzi wa kawaida hutembea kama mita 80 kwa dakika, hivyo d = 80t, na dakika 5 ni mita 400. Nendeni mkapime Jumamosi. Mkitembea dakika 5 mkakuta swala, mko njiani. Mkifika hatimaye kwenye vigingi na kukuta ni kilomita 6, rudini darasani mkatafute mwendo alioutumia mwenye bango: kilomita 72 kwa saa, bila kupunguza, juu ya udongo mweusi wa nyanda za Athi na Kaputiei, ule ambao mvua ikigusa tu hata trekta huomba msaada. Kumbe bango halikudanganya. Lilikuwa linazungumzia helikopta.

Sehemu tamu zaidi ni malipo ya polepole. Tuseme ploti ni shilingi 800,000 kwa pesa taslimu, au unatoa 200,000 kisha 60,000 kila mwezi kwa miezi 12. Bango litaandika 200,000 kwa herufi za ukubwa wa mlango na hizo nyingine kwa herufi za ukubwa wa siafu. Hapo ndipo unapowaonyesha kwamba wauzaji wanaifahamu c kuliko walimu. Wanafunzi waandike y = 200,000 + 60,000x, wachore pia mstari wa mlalo wa 800,000, watafute makutano. Ni mwezi wa 10. Miezi miwili ya mwisho, shilingi 120,000, mnunuzi hanunui shamba tena, ananunua subira ya muuzaji. Wape kazi ya ziada: mlipaji akikosa mwezi mmoja kukawa na faini, mstari unakuwaje? Watagundua ngazi nyingine.

Mzazi akija kulalamika kwamba unawafundisha watoto kuchungulia biashara za watu, mpokee kwa heshima. Mwite "mzazi", mvutie kiti, mwambie ni mtaala. Mtaala hubeba lawama nyingi na haujawahi kulalamika.

NG'OMBE: KUWA MWANGALIFU

Mwalimu aliyetoka mbali huwaza hivi: niko Kajiado, basi nitawaambia watoto wahesabu ng'ombe wa nyumbani. Usithubutu. Kwa Wamaasai, kuwahesabu ng'ombe au watoto wa mtu kwa kunyoosha kidole ni kutafuta nuksi. Mwenye mifugo humjua kila mmoja kwa rangi, pembe na ukoo wake, na akikosekana mmoja jioni huonekana bila tarakimu yoyote. Ukimtuma mtoto aulize "Baba, una ng'ombe wangapi?" utapata sifuri, na darasa litachora mstari juu ya sifuri.

Pima uzito badala yake. Uzito wa ng'ombe hufuata kwa karibu mzunguko wa kifua chake, ndiyo maana kuna utepe wa kupimia unaosomwa kwa kilo moja kwa moja. Pelekeni utepe kwenye soko la mifugo la Bissil, ombeni ruhusa kwa wazee, watoto wainamishe vichwa waguswe na wazee kwa salamu kwanza, kalamu baadaye. Kila ng'ombe apimwe kwa utepe, na kila dalali aseme uzito kwa jicho kabla ya kuoneshwa. Kisha chora nukta za jicho dhidi ya nukta za utepe. Nabashiri jicho litaukaribia sana utepe, isipokuwa pale dalali anaponunua. Hapo mstari wake utashuka chini kidogo, sambamba na ule wa kweli. Mnakumbuka c? Ndiyo chakula chake cha mchana.

NYUMBU HASI

Siku ya mawingu, fundisha mteremko wa kushuka. Nyumbu waliokuwa wakihama kati ya Mbuga ya Nairobi na nyanda za Athi na Kaputiei walikuwa zaidi ya 25,000 mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 hesabu za kutoka angani zilionyesha chini ya 5,000. Kwa urahisi wa ubao chukua 25,000 mwaka 1978 na 5,000 mwaka 2011. Mteremko ni nyumbu 606 kwa mwaka, kwa alama ya kutoa. Ongeza mstari mbele: unagusa sifuri mwaka 2019. Ongeza tena hadi 2030: nyumbu 6,500 hasi, ambao nadhani ni wale mbuga itakaokuwa inadaiwa na Amboseli.

Wanafunzi watacheka. Waache, kisha uwaambie nyumbu wachache bado wako, wakipita panapopitika. Kwa hiyo mstari ulikosea? Ulikosea tarehe. Ulichokisema kuhusu ua na mabati yanayowafungia njia kilikuwa sahihi.

Kuna jaribio lililowahi kufanywa la kuuinua mstari huo, na lenyewe ni mlinganyo. Kuanzia mwaka 2000 wenye ardhi wa Kitengela walilipwa dola 4 kwa eka kwa mwaka, kama shilingi 300 za wakati huo, ili wasizungushe ua, wasichimbe mawe, wawaache wanyama wapite. Malipo yaligawanywa mara tatu, yakiangukia shule zinapofunguliwa, kwa kuwa waliopanga walijua pesa za mzazi huenda wapi. y = 4x. Mwenye eka 100 alipata dola 400 kwa mwaka, na karo ikapungua makali. Mradi wenye akili, na nausifu bila kejeli. Lakini tazameni pia upande wa chini wa mstari. Mwenye ploti ya moja ya nane angepata shilingi 37.50 kwa mwaka, yaani 12.50 kila muhula, chini ya bei ya kalamu ya yule bwana wa kitabuni. Asiye na eka angepata sifuri. Kila mstari unaopita kwenye sifuri una tabia hiyo, na ni vizuri mtoto aijue mapema.

Na upande wa juu? Tuseme mnunuzi anasimama kwenye geti na kutaja shilingi 300,000 kwa eka. Kwa 300 kwa mwaka, mwenye shamba angesubiri miaka 1,000 kamili kufikia bei hiyo. Kama alitaka kuzipata leo, ilimpasa aanze kupokea enzi za masultani wa Kilwa. Waulize wanafunzi wangefanya nini wao. Kipindi hicho kengele italia na hakuna atakayetoka.

KUELEKEA MTIHANI

Wiki mbili kabla ya mtihani, rudi kitabuni haraka. Baraza la Mitihani linataka x, si konda. Wape wanafunzi machungwa, matangi yanayojaa kwa mwendo usiobadilika, na gari linalotoka mji A kwenda mji B bila kusimamishwa na polisi. Watayameza yote kwa siku tatu, kwa sababu baada ya Kitengela kila kitu kitabuni ni rahisi.

Afisa akija, mpe daftari la mwanafunzi yeyote. Kwenye fomu, penye "vifaa vilivyotumika", andika: hati ya mshahara, simu, mabango 6, utepe, soko. Penye "changamoto" andika mvua. Yote ni kweli.

Jaribio la mwisho wa muhula litoe kwenye sensa, kwani namba zake zimepigwa chapa na hakuna anayeweza kusema umezitunga. Kaunti ya Kajiado, ilipokuwa bado wilaya, ilikuwa na watu 406,054 mwaka 1999. Mwaka 2009 walikuwa 687,312. Swali la kwanza: pitisha mstari kwenye nukta hizo mbili, utabiri mwaka 2019. Mteremko ni takriban watu 28,126 kwa mwaka, na utabiri ni 968,570. Swali la pili: sensa ya 2019 ilikuta watu 1,117,840. Ni wangapi walikuja bila kuuarifu mstari? Ni 149,270, karibu mji mzima wa Kitengela, ambao mwaka huo ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 154,000. Atakayeandika kwamba mstari ulikuwa sawa, ila hakuna aliyeuambia kuhusu mabango, apewe alama zote.

Swali la tatu ni la kurudi nyuma. Mstari huohuo ukiurudisha, idadi ya watu inagusa sifuri mwaka 1985. Kwa mujibu wa rula, kabla ya hapo Kajiado haikuwa na mtu, na ile mikataba ya 1904 na 1911 iliyowahamisha Wamaasai ilitiwa saini na watu waliokuwa bado na miaka mingi kabla ya kuwapo. Mwanafunzi aeleze, kwa sentensi mbili, ni nani amewahi kuitazama ardhi hii kwa rula ya namna hiyo. Sahihisha swali hili ukiwa peke yako. Majibu mengine ni makali.

Swali la nne: tumia mwaka 2009 na 2019, tabiri 2029. Jibu la rula ni 1,548,368. Anayetoa hilo apate alama moja. Anayetoa kubwa zaidi na kueleza kwa nini, mbili. Anayetoa dogo zaidi kwa sababu visima ni vya chumvi na boza la maji ni ghali, mbili pia. Anayeuliza watu hao wote watapanda matatu gani saa kumi na mbili asubuhi, tatu. Kisha yafungie madaftari yote kabatini, ufunguo ukae nao wewe. Sensa ijayo ni 2029, na watakuwa wamekua vya kutosha kuja kudai alama zao.